Mvuke wa Msamvu

Ukishatoka Kahama mjini na kushika barabara ya kwenda Geita, hukai sana kabla ya kuziona zile meza. Ni vimeza vya mbao, miguu yake imezama vumbini, na juu yake zimepangwa chupa za maji za lita moja na nusu. Ndani hamna maji. Ni petroli ya njano iliyopauka, inang'aa juani kama juisi. Kijana wa bodaboda anasimama bila kuzima pikipiki, anafungua kifuniko cha tanki, muuzaji anamimina kwa faneli aliyoikata kwenye chupa nyingine, hela inabadilishana mikono, safari inaendelea. Hatua tano kutoka hapo mama anakaanga mihogo, na jiko lake la mkaa linapepewa na upepo uleule unaopita juu ya chupa.

Nimenunua petroli pale mara nyingi. Sheli ziko mbali na machimbo, na pampu ya kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, haisubiri. Siku moja nilimuuliza muuzaji, kijana mpole tu, kama haogopi lile jiko. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza mashariki. "Mzee wangu, mwaka wa tatu huu niko hapa. Mbona haijawahi kuwaka?"

Nililipa, nikaondoka. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hata mimi ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Kisa ninachokusimulia, ndugu msomaji, hakikutokea huku kwetu. Kilitokea Morogoro, Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019. Lakini lori la mafuta linalopita Morogoro likienda Rwanda au Burundi ndilo hilohilo linalokuja kupita Tinde, Isaka na Kahama. Barabara ni moja, mzigo ni mmoja, na sisi tunaoishi kando yake ni watu wa aina moja. Ndiyo maana nataka tukitazame kisa hiki kwa makini, na kabla hatujafika huko tuijue kwanza hii petroli tunayoishi nayo.

Mchimbaji mwenye afya akishika sururu saa nane mfululizo, kazi anayoitoa mwilini mwake ni kama megajuli 2. Lita moja ya petroli ina zaidi ya megajuli 30. Kwa hiyo chupa moja ya pale mezani, ile ya lita moja na nusu, imebeba jasho la mtu mmoja la wiki tatu. Hiyo ndiyo sababu pampu ndogo ya petroli hukausha usiku mmoja shimo ambalo vijana kumi wenye ndoo wangelihangaikia siku nyingi. Nguvu hiyo tunaiona ikitutumikia, tukasahau kwamba ni nguvu.

Petroli, dizeli na mafuta ya taa ni ndugu wa tumbo moja. Zote zimeundwa kwa kaboni na haidrojeni zilizoshikana kwa minyororo, mifupi kwenye petroli, mirefu zaidi kwenye dizeli. Na ukoo huu ndio uliompeleka binadamu angani. Yuri Gagarin alipoizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, roketi yake ilichoma mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Saturn V, roketi iliyowapeleka Wamarekani mwezini Julai 1969, ilikuwa na takriban lita 770,000 za mafuta ya taa yaliyosafishwa sana kwenye hatua yake ya kwanza, nayo yaliteketea yote kwa muda wa kama dakika mbili na nusu. Hata jirani zetu wameyaona. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG ilirusha roketi za majaribio kutoka jimbo la Shaba la Zaire, Kongo ya leo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye ardhi ya watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Mafuta yalikuwa ya ukoo huohuo, yakiunguzwa kwa asidi ya nitriki. Roketi ya tatu ilianguka mbele ya macho ya Rais Mobutu.

Wanaobuni mafuta ya roketi wana swali moja linalowakosesha usingizi: namna ya kutia nguvu nyingi katika nafasi ndogo. Mtu wa Shinyanga atalielewa upesi. Gunia la pamba na gunia la mchele huwezi kuyalinganisha kwa kuyatazama. Moja linajaza lori na mizani haishtuki, jingine dogo tu linamvunja mtu mgongo. Haidrojeni ni kama pamba. Kilo kwa kilo inayashinda mafuta yote, lakini inadai tanki kubwa mno. Mafuta ya taa ni mchele, yameshikamana, yanakaa pahali padogo. Wakemia wakaendelea kuyashindilia. Warusi walitengeneza mafuta yaitwayo sintini, ambayo molekuli yake ina pete tatu za kaboni zilizokunjwa kwa nguvu, mfano wa upinde uliovutwa tayari kuachiwa. Yalitumika kwenye roketi za Soyuz-U2 kuanzia mwaka 1982, yakaja kuachwa katika miaka ya 1990 kwa kuwa yalikuwa ghali mno kuyatengeneza.

Lakini kuna swali la pili wanalojiuliza hao wabunifu, na kwangu mimi hilo ndilo lenye somo. Wanauliza: mafuta haya yatawaka lini pasipo mtu kutaka? Kila mafuta yana kiwango chake cha joto ambacho, yakikifikia, hutoa mvuke wa kutosha kushika moto cheche ikipita. Mafuta ya taa ya roketi, RP-1, yanahitaji joto la zaidi ya nyuzi 40 za Selisiasi kabla mvuke wake haujawa tayari. Katika miaka ya 1950 Jeshi la Majini la Marekani lilibuni mafuta maalumu ya ndege zinazobebwa na meli, yaitwayo JP-5, kiwango chake kikapandishwa hadi nyuzi 60, kwa kuwa mabaharia wanalala meli moja na matanki na hawana pa kukimbilia. Wabunifu hao wanashughulika na nguvu kubwa mno, na bado jambo wanalolipigania ni kwamba mafuta yakae kimya mpaka yaitwe.

Petroli haisubiri kuitwa. Kiwango chake ni takriban nyuzi 40 chini ya sifuri. Hakuna usiku wa baridi Shinyanga, wala Njombe, wala juu ya Kilimanjaro kwa siku ya kawaida, ambapo petroli iliyo wazi itakuwa haitoi mvuke wa kuwaka. Kitazame kibatari cha mafuta ya taa. Mafuta yaliyomo kwenye kopo hayawaki yenyewe. Yanaupanda utambi, moto unayapasha, yanageuka mvuke, mvuke ndio unaowaka. Utambi ni kama mlango na bawabu wake. Petroli haina utambi wala bawabu. Imeshageuka mvuke kabla hujaweka kifuniko chini.

Nikiwa hapo, niseme neno juu ya uchakachuaji, kwa sababu hili limeunguza nyumba za maskini. Tunakumbuka jinsi mafuta ya taa yalivyokuwa yakichanganywa na dizeli na petroli kwa ajili ya faida, mpaka vinasaba vya kuyatambulisha vikaanza kutiwa kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili biashara hiyo ife. Wengi tuliliona ni jambo la injini kuharibika. Lakini mchanganyiko ukienda upande wa pili, petroli kidogo ikaingia kwenye dumu la mafuta ya taa, tabia ya mafuta yote inabadilika. Mvuke wa petroli unatangulia, kiwango cha kushika moto kinaporomoka, na mama anayewasha jiko lake la utambi jioni anawasha kitu asichokijua. Mchakachuaji naye ni mbunifu wa mafuta, isipokuwa hapimi chochote. Mama mwenye nyumba, dumu lililobeba petroli jana usilitie mafuta ya taa leo, hata kama umelisuuza.

Sasa twende Msamvu.

Ilikuwa siku mbili baada ya sikukuu ya wakulima, Nane Nane, ambayo mwaka ule kitaifa ilifanyika kwa jirani zetu Simiyu, na siku chache kabla ya sikukuu ya Idi. Kiasi cha saa mbili asubuhi lori la mafuta lilifika eneo la Itigi, Msamvu, karibu na stendi kuu ya mabasi ya Morogoro. Ilielezwa kwamba dereva alikuwa akimkwepa mwendesha pikipiki. Lori likapinduka. Petroli ikaanza kumwagika.

Msamvu ni pahali pa watu. Abiria, wapigadebe, mama ntilie, bodaboda, wanafunzi. Waliokuwa karibu walikimbilia kwenye kichwa cha lori kumwokoa dereva na wenzake, na hao Mungu awalipe. Wengine walikwenda kwenye tanki. Picha zilizosambaa siku ile zinaonyesha madumu ya njano, mengi, yameinuliwa na mikono ya watu wanaosukumana. Petroli mwaka ule ilikuwa inazidi shilingi 2,000 kwa lita. Dumu la lita 20 ni zaidi ya shilingi 40,000. Tafadhali usiipite hesabu hiyo haraka. Kwa kijana wa bodaboda anayepaswa kumpelekea tajiri wake hesabu kila jioni, hilo ni jambo la siku kadhaa, limemwagika chini bure, na sikukuu iko mlangoni. Wengi tumewahukumu watu wale kwa neno moja, wezi, tukaridhika. Mimi siwezi. Nikijiweka pale nikiwa na umri wa miaka 22, na dumu tupu liko kwenye pikipiki, sijui kama ningebaki ng'ambo ya barabara.

Walikuwepo walioonya. Shahidi mmoja aliwaeleza waandishi wa habari kwamba yeye na wenzake waliwaambia watu lori lile laweza kulipuka wakati wowote, na kwamba kulikuwa na mtu anayehangaika kuchomoa betri ya gari. Wakaona heri waondoke. Hawakuwa wamefika mbali waliposikia mlipuko nyuma yao.

Taarifa ya mkoa ilisema cheche zilitokana na huyo aliyekuwa akiitoa betri. Siku hiyohiyo miili ya watu wapatao 60 iliokotwa. Majeruhi walipelekwa hospitali ya mkoa, na zaidi ya 40 walioumia vibaya wakapelekwa Muhimbili, Dar es Salaam. Huko kila siku idadi ilipanda, wiki baada ya wiki, mpaka ikavuka 100. Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo. Waziri Mkuu Majaliwa aliongoza mazishi makaburi ya Kola Jumapili, siku moja baada ya mlipuko, miili mingine ikiwa haitambuliki kwa sura.

Ninarudi kwenye zile dakika kati ya kupinduka na kulipuka. Hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa kuwa hapo kila kitu kilikuwa kinasema, na sisi binadamu tukawa hatusikii.

Harufu ilikuwepo. Harufu ya petroli maana yake ni kwamba mvuke umeshafika puani, na ukishafika puani umeshafika kwenye chochote kilicho karibu nawe. Lakini pua ina udhaifu wake: ukikaa ndani ya harufu dakika chache, inaizoea. Mtu anadhani imepungua, na hewa kumbe inazidi kujaa. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Hauruki kama moshi. Unatambaa chini kama maji, unafuata mtaro, unajaa kwenye mabonde madogo ya ardhi, unaingia chini ya pikipiki iliyoegeshwa. Hauonekani. Watu pale Msamvu walikuwa wakiitazama petroli iliyokuwa ikimwagika kwenye tanki, na hatari ilikuwa imeshawafunika miguu.

Na mvuke huo unawaka kwa kipimo. Kukiwa na mvuke chini ya sehemu moja na nusu hivi katika sehemu 100 za hewa, hauwaki. Ukizidi sana, yaani kupita sehemu saba na kitu, hauwaki pia, hewa haitoshi. Katikati hapo ndipo penye mauti. Ndani ya injini ya roketi kuna pampu na matundu yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa ili mafuta na oksijeni vikutane kwa kipimo sawasawa, na kazi hiyo inawachukua mainjinia miaka. Msamvu kazi hiyo ilifanywa na jua la Agosti, na miguu ya watu, na ndoo zilizokuwa zikichota na kumwagika. Roketi hubeba oksijeni yake yenyewe, na baruti tunazolipulia miamba huku Geita hali kadhalika. Petroli inaiazima hewani, ndiyo maana kilo moja ya petroli ina nishati kama mara kumi ya kilo moja ya TNT. Haikupoteza nafasi kubeba oksijeni, inajua itaikuta. Pale ilikuwa hewa ya uwanja mzima.

Pikipiki nazo zilikuwa zinakuja. Kila injini iliyo hai ina cheche zake. Kila bomba la moshi lina joto lake. Kila kitambaa kilicholowa petroli ni utambi, na watu walikuwa wamelowa mikono na mapaja.

Kisha kuna dalili ninayoiona kubwa kuliko zote, ambayo haikuonekana kuwa dalili. Muda ulipita na moto haukuwaka. Dakika ya kwanza mtu anaogopa. Dakika ya tano anamwona mwenzake ameondoka na dumu lililojaa, salama. Dakika ya kumi hofu imekwisha, wanaitana, wanapigiana simu. Kila dakika iliyopita bila moto watu waliihesabu kuwa ushahidi wa usalama, na kumbe kila dakika ilikuwa inaongeza mvuke na kuongeza watu. Mpaka mtu akaona hata kutoa betri ni jambo la kawaida.

Wala haikuwa mara ya kwanza Afrika Mashariki. Sachangwan, karibu na Molo, Kenya, tarehe 31 Januari 2009, lori lilipinduka, watu wakachota, zaidi ya 100 wakafa. Sange, Kivu ya Kusini, Kongo, tarehe 2 Julai 2010, moto wa lori la mafuta uliwala watu zaidi ya 200, na wengine wao walikuwa wamejikusanya kwenye vibanda kutazama mechi za Kombe la Dunia, hawakuchota hata tone. Mtaa wa Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba kuu ikaingia kwenye mtaro unaopita katikati ya vibanda, na watu wapatao 100 wakateketea. Tulizisikia habari hizi zote redioni. Tulisikitika, tukazima redio.

Usidhani kwamba wasomi wamesalimika na kosa hili. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kilivunjika angani Florida sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba wakafa. Chanzo kilikuwa pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi za pembeni. Katika safari zilizotangulia pete hizo zilikuwa zimeshaonekana zikiunguzwa na gesi ya moto, na zilipaswa zisiguswe kabisa. Lakini kila mara chombo kilirudi salama, na kila kurudi salama kukawafanya wakubwa waone kwamba kuungua kidogo kunavumilika. Usiku wa kuamkia siku ile mainjinia wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo, akiwemo Roger Boisjoly, walisihi safari iahirishwe kwa sababu ya baridi, maana mpira ukipoa unakakamaa. Hawakusikilizwa. Watu wenye shahada za uzamivu, wenye kompyuta na bajeti ya taifa tajiri, walisema kwa lugha yao neno lilelile aliloniambia muuzaji wa barabara ya Geita: mbona haijawahi kuwaka?

Nami neno hilo nimelisema, kwa mdomo wangu.

Mwaka mmoja kabla ya Msamvu nilikuwa na hisa ndogo kwenye duara la ndugu yangu mkoani Geita. Masika yalikuwa yamechanganya, maji yanapanda shimoni usiku na mchana, na pampu ya petroli ilikuwa imekaa kwenye kifusi karibu na mdomo wa duara. Saa tisa usiku mafuta yakawa yanaisha. Mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 19, alikuwa na dumu mkononi. Akaniambia, "Baba mdogo, tuzime kwanza, ipoe." Nikamwambia tukizima maji yatatupita, matimba yanayoshikilia kuta yatalegea, kesho hatuna kazi. Nikamnyang'anya dumu. Akanimulikia kwa simu, nikamimina, pampu inanguruma.

Mtikisiko wa mashine ulirusha petroli ikapita kifuniko, ikadondokea kwenye bomba la moshi. Ilitoa sauti fupi, tsss, kama maziwa yaliyomwagikia jikoni, na palepale ikawa haipo. Nilibaki nimeshika dumu, uso umejaa mvuke wa uvuguvugu. Haikuwaka. Mtoto alikuwa amerudi nyuma hatua nne, simu bado inamulika. Nikacheka kumtuliza, nikamalizia kumimina.

Dalili zote zilikuwa pale. Harufu, joto, sauti ya tsss, kijana aliyeonya, na shimo lenye kina cha mita 30 pembeni yangu, na mvuke ule mzito usingekuwa na pa kwenda isipokuwa kushuka humo, ambamo watu wanne walikuwa chini wakijaza viroba kwa taa za kichwani. Sikuwafikiria kabisa. Usiku uliofuata nilifanya vilevile, kwa wepesi zaidi, kwa sababu usiku uliotangulia haikuwaka. Baadaye mfanyakazi mwenzetu mmoja alitaka hata kuiteremsha pampu yenyewe chini ya duara ili ivute vizuri, na hilo nashukuru tulilikataa, maana ndani ya moshi wa injini kuna gesi inayoua kimya kimya shimoni, isiyo na harufu ya kumwonya mtu.

Habari ya Msamvu ilinikuta Shinyanga mjini, kwenye kibanda cha kinyozi. Nilipoona yale madumu ya njano kwenye runinga, niliiona mikono yangu.

Ndugu yangu unayeishi kando ya barabara hii, siku lori likilala hapo kwenu, na tunaomba lisilale, usiliendee, hata kwa kutazama. Kama kuna mtu wa kuokoa kwenye kichwa cha gari na hakuna petroli iliyomwagika karibu naye, muokoe na muondoke wote. Kama petroli imeshamwagika, kaa mbali, upande upepo unakotoka, mamia ya mita. Simamisha bodaboda kabla hazijafika, usisubiri zifike. Zima jiko lako wewe mama wa mihogo, na jirani yako azime lake. Pigeni 114, Zimamoto. Mwenye sauti kubwa mtaani, mwenyekiti, shehe, mchungaji, mpigadebe, aitumie siku hiyo. Na watoto, tafadhali, watoto wapelekwe mbali kwanza, maana wao ndio hutumwa na dumu.

Wenzangu wa machimbo, tuweke mafuta mbali na mdomo wa duara, kivulini, kwenye chombo chenye kifuniko kinachofunga. Tuzime mashine kabla ya kumimina, na tungoje ipoe. Najua maji yanapanda. Nimekaa hapo, najua.

Nilirudi kwenye lile duara Oktoba, mwaka uleule wa Msamvu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na pampu ilikuwa kazini. Mafuta yalipokaribia kuisha, mtoto wa kaka yangu alinitazama bila kusema kitu. Nikaizima mwenyewe. Kimya kikawa kikubwa, tukasikia mpaka matone ya maji yakianguka chini shimoni. Tukawaita waliokuwa ndani wakapanda mmoja mmoja, wakakaa juu ya viroba, wakagawana sigara, na nikawaomba wakazivutie kule kwenye mti, wakaenda. Dumu tuliliacha pale lilipokuwa, limefungwa. Niliketi kwenye jiwe na mkono juu ya goti, kila mara nikiunyoosha karibu na bomba la moshi kupima kama joto limepungua.

Ilichukua karibu nusu saa. Tulipomulika chini, maji yalikuwa yamepanda kiasi cha mkono, kutoka kiwikoni mpaka ncha za vidole.